Siku Baba Alipokuja Kunitoa kwenye Mvinyo

Nakumbuka asubuhi moja ya Desemba, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, ukungu bado umeshika bustani ya hoteli pale Nyeri. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na mbele yangu glasi za mvinyo zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Meneja alitaka tumchagulie mvinyo mwekundu wa mezani na mwingine wa povu wa kukaribisha mwaka mpya.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mzee Karanja, mtu mpole aliyeachiwa stoo ya vinywaji wazungu walipoanza kuondoka. Alikuwa amezifunga chupa kwa vitambaa nisione zimeandikwa nini. "Ukisoma jina, utaonja jina," aliniambia.

Nilipoinua glasi ya kwanza, mlango ukafunguka. Alikuwa baba.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, viatu vina matope ya kwetu Othaya. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, na nyumbani kwetu pombe haikutajwa. Usimwone mkali bure, mwanangu. Mdogo wake alikunywa mpaka akauza shamba, na asubuhi moja ya baridi akakutwa ameanguka kando ya njia, amekwisha kufa. Baba ndiye aliyembeba. Sasa mtu sokoni alikuwa amemwambia ati binti yake anakunywa na wazungu hotelini.

"Mama," akasema, maana nilipewa jina la mama yake na hakuniita vingine, "weka hiyo glasi chini. Chukua nguo zako twende."

Kazi ile niliipenda, na baba nilimpenda zaidi. Nilifungua mdomo kujitetea, Mzee Karanja akanikatiza.

"Wewe, usibishane na baba yako. Hajaona unachofanya, atakijuaje? Fanya kazi yako." Kisha akamvutia baba kiti. "Mzee mwenzangu, umetoka mbali. Keti kidogo uone. Ukishaona, ukitaka kumchukua sitakuzuia."

Baba akaketi ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

Nikaanza na mvinyo mwekundu. Wa kwanza ulinikausha ulimi kama ndizi mbichi, wa pili ulikuwa laini, una harufu ya plamu zilizoiva. Kila nilipoonja nilitema kwenye ndoo na kusukutua kwa maji, kisha nikamweleza mwalimu wangu. Nikaja kwa ile ya povu. Mmoja viputo vyake vilikuwa vikubwa, vikaruka na kuisha upesi, ukabaki utamu wa sukari tu. Mwingine viputo vilikuwa vidogo sana, vikipanda taratibu bila kuchoka. Ulianza mkali kama limau, ukaishia na ladha ya mkate uliotoka kuokwa.

"Kwani hamezi?" baba akauliza.

"Akimeza atalewa," Mzee Karanja akamjibu, "na mlevi hawezi kulinganisha kitu."

Baba akasimama, akachungulia ndani ya ndoo. Akainama juu ya glasi ile ya mwisho, mikono nyuma, akanusa.

"Hii ni kama maua ya kahawa, mvua ikishanyesha."

Mimi sikuwa nimeisikia harufu hiyo. Nikanusa tena, na kweli ilikuwepo. Tukatazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona uso wake umelegea. Lakini hakuwa amemaliza.

"Na siku huyu mzee hayuko, wageni wakusukume unywe, utafanya nini?"

"Nitatema, baba."

"Wakikucheka?"

"Wacheke."

Aliniwekea mkono kichwani, akaomba palepale, katikati ya harufu ya mvinyo. Kisha akavaa kofia, akarudi Othaya peke yake. Aliyemuuliza habari zangu alijibiwa, "Nimeenda mwenyewe, nimeona."

Miaka ilipita, nikapewa stoo ile, baadaye nikaitwa Nanyuki kufundisha wengine. Nimesomesha watoto kwa pua na ulimi huu. Baba alikufa mzee, na hakuwahi kusikia tena la kumtoa nyumbani alfajiri.

Basi nisikilize, mwanangu. Kazi ikikupeleka karibu na kitu kinachoangusha watu, amua mpaka wako kabla hujakikaribia, kwa sababu ukishafika hapo akili huanza kukutafutia visingizio. Mzazi akiogopa, usimdharau. Huenda kuna mtu alimzika. Mwite aje aone, na akija, mwonyeshe kazi yenyewe. Maneno yatafuata. Na wewe ukipata watoto, kabla hujahukumu, funga safari.

Mungu akupe kazi unayoweza kuifanya mzazi wako akiwa ameketi anakutazama. Akuongezee miaka, na kila meza utakayoketia, uinuke na kusimama wima.