Kisanduku cha Kisimani Miburani

Mwanaharusi, binti wa Bi Safia, ana kosa moja: akishika jambo, haambiliki. Alirudi kisiwani kwetu Miburani kutoka Dar es Salaam na bodi ya kompyuta ndogo kama kiberiti ndani ya kisanduku, akatuambia itakilinda kisima chetu. Pampu ikivuta sana, maji ya bahari hupenya chini kwa chini. Bodi ingeonja chumvi kwa kipimo kilichoning'inizwa kisimani, na chumvi ikizidi, izime pampu yenyewe. Hakununua programu ya mtu. Alijenga Linux yake mwenyewe, mfumo wa kuiendesha bodi, akaondoa kila kisichohitajika, akabakisha cha kuonja na cha kuzima tu.

Bi Safia hakuelewa hata moja, ila alielewa hili: kamati ya maji ikikikataa kisanduku, mwanawe atapanda boti arudi bara.

Kilifungwa Jumatatu kwa vigelegele. Jumanne pampu ikagoma. Bodi inasema maji yana chumvi. Tukateka kwa ndoo, tukaonja: matamu. Mzee Suleimani, mwenyekiti wa kamati, akasema kwa ule upole wake unaokera, "Mwanangu, mashine inayosema uongo tutaifanyia nini? Nakupa hadi Ijumaa."

Kosa liko kwenye programu, Mwanaharusi akashikilia, maana waya kaufunga kwa mikono yake. Akaketi barazani na kompyuta, akajenga mfumo upya kutoka mwanzo. Kila ujenzi saa nyingi, na umeme ukikatika ni kuanza tena. Mara tatu akaupakia, mara tatu bodi ikawaka vizuri na kusema: chumvi. Sisi, ndoo kichwani, tulimtania, "Fundi, leo imeonja pilipili?" Sasa naona haya. Mama yake alimletea uji, akasimama kidogo, akaondoka.

Alhamisi baada ya alasiri akakubali kuuvuta ule waya wa kipimo kutoka kisimani. Kwenye kipimo kulifungwa, kwa uzi mweusi, kifuko chenye chumvi ya mawe, nusu imeyeyuka. Kinga ya husuda. Kitambaa chake alikijua: kipande cha kanga ya mama yake.

Akakifungua, akakitia mfukoni, akasuuza kipimo na kukirudisha kisimani. Muda si muda pampu ikanguruma.

Ijumaa, mbele ya kamati, alisema, "Kosa ni langu. Sikuangalia waya."

"Mwongo huyo!" Bi Safia akasema kutoka nyuma. "Chumvi niliifunga mimi. Niliona watu wanavyokitazama kile kisanduku, nikaogopa jicho. Kikiharibika, ataondoka tena. Miaka sita nimekula peke yangu, imetosha."

Hakuna aliyecheka. Mzee Suleimani akamwuliza Mwanaharusi, "Kwa hiyo kimeiona chumvi ya kifuko kimoja?"

"Kimeiona, baba."

"Basi kibaki. Na wewe Bi Safia, kinga mfunge mwanao, waya uuache."

Kifuko kile sasa kiko juu ya mlango wa chumba cha Mwanaharusi. Alikipigilia mwenyewe.