Amin za Mama

Mama yangu anaishi Tingi. Simu yake ya vitufe ilikuwa na kazi moja kubwa, kumsikia dada yake aliyekuwa mgonjwa Likawage. Mama mkubwa alibipu, mama akampigia. Ndivyo walivyozoea tangu waanze kumiliki simu.

Siku moja mama mkubwa alibipu, akabipu tena. Mama alipopiga aliambiwa salio halitoshi, ingawa jana yake tu nilikuwa nimemrushia vocha kutoka Masoko. Nilipomtumia nyingine, jirani wa Likawage alikuwa ameshatoa taarifa ya msiba.

Tuliporudi kutoka mazikoni niliishika ile simu. Ilijaa dua zilizotumwa na namba fupi kila asubuhi, na kila dua mama alikuwa ameijibu: Amin. Kwetu mtu haombewi dua akanyamaza. Kumbe wenye namba hizo huchukua jibu lolote kuwa umekubali huduma iendelee, kisha wanakata salio. Mwizi wa kuku ana haya kuliko hawa, maana haingii bandani kwa bismillahi.

Nikapiga huduma kwa wateja.

"Mteja alijiunga kwa hiari yake, dada," alisema kijana mwenye sauti laini.

"Aliitikia dua."

"Mfumo unaona jibu tu, dada."

Nikamwambia sheria inakataza kumkata mtu kwa huduma asiyoiomba. Akakubali upesi, kama mtu aliyeulizwa njia ya sokoni, akasema ndiyo maana kuna haki ya kujitoa: mama aandike ONDOA.

Mama alikataa katakata. "Niiambie dua iondoke, mwanangu? Na dada yangu hata hajamaliza siku kaburini?"

Nikaandika mimi. Wakajibu kwamba ombi letu linashughulikiwa. Uongo mtupu, wala sikutegemea jingine.

Asubuhi yake, tukiwa bado tumekaa mkekani na wafiwa, simu ikalia. Ilikuwa dua ya kuwaombea marehemu. Mama aliisoma polepole, machozi yakamtoka, na kidole gumba kikaenda kwenye vitufe.

"Usiandike, mama," nikamwambia. "Itikia kwa mdomo."

Akanitazama kama niliyekufuru. Kisha akaandika.