Muziki Aliousikia Dirishani

Alikuwa muuza tiketi wa jumba la sinema, na kwa miaka yote aliyokaa kwenye kile kidirisha hakuwahi kutazama sinema ya kutisha hata moja. Mwoga wa kupindukia. Akiona mjusi tu ukutani, aliita watu. Lakini masikio hayana pazia. Ilipoletwa sinema ya bweni lenye mizuka, muziki wake ulipenya ukutani ukamkamata: fidla mbili, kinanda, na mluzi wa mtu aliyesikika kama anamwita mwanawe chakula kikipoa.

Sinema yenyewe iliambulia siku tisa. Watazamaji walicheka mzuka alipodondosha nywele zake za bandia. Siku ya mwisho mtunzi wa ule muziki, mwalimu mmoja mpole, alipita dirishani, na muuza tiketi akamwambia alivyoupenda. Mwalimu alirudi kesho yake na kanda.

"Chukua, mama. Ni hii moja tu. Kwangu kuna unyevu, na hakuna anayeiulizia."

Tangu hapo alikuwa na ndoto moja: muziki ule utoke, watu wausikie bila mizuka. Alimpelekea kanda mdogo wake, fundi mitambo wa redio, ambaye yeye mwenyewe alimlea baada ya mama yao kufariki.

"Niachie, dada. Nitausafisha, tuutoe kama albamu nzima, jina la mwalimu juu kabisa."

Mwaka ukapita, wa pili ukafuata. Kila akiuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Bado nausafisha."

Siku moja yuko saluni, kichwa kimesukwa nusu, redio ikapiga ule mluzi. Akatabasamu, alidhani mdogo wake ametimiza. Kisha sauti nene ikaingilia: "Panya, kwaheri!" Lilikuwa tangazo la sumu ya panya. Wanawake wakaangua kicheko. Akainuka na nusu kichwa chake, moja kwa moja hadi redioni.

Mdogo wake alimpokea kwa bashasha. Ukutani nyuma yake palining'inia cheti: tangazo bora la mwaka, na jina lake yeye mwenyewe kama mtunzi wa muziki.

"Kanda iko wapi?"

"Dada, ule muziki ulikuwa umelala tu. Sasa nchi nzima inausikia."

"Nimeuliza kanda."

"Nilikata vipande vizuri. Vingine..." Akatazama viatu vyake. "Vimefutika. Nilirekodi mahojiano juu ya kanda ile ile."

Hakupiga kelele. Alimtazama yule mtoto aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati, akaona hamjui.

Kutoka hapo alikwenda kwa mwalimu. Alieleza yote. Mwalimu akasema, "Yule mpiga mluzi alikuwa marehemu mke wangu. Hiyo ndiyo sauti yake pekee niliyokuwa nayo."

Muuza tiketi alilia hadi akakosa pumzi. Mwalimu ndiye aliyemletea maji, akauliza, "Unaukumbuka kiasi gani?"

Anaukumbuka karibu wote. Sasa kila Jumamosi anaimba kwa mdomo uliofungwa, mwalimu anaandika nota, wakibishana. Wamefika kipande cha tatu kati ya kumi na kimoja. Mwalimu amekwisha kusema wazi kwamba mluzi hautaandikika. Hakuna atakayeupiga vile.

Mdogo wake alimpigia simu juzi kuomba radhi. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia amesikia, akakata.