Mate ya Shemeji

Mjukuu wangu anasomea chuo kikuu vile ugonjwa wa akili unavyopita ndani ya damu, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Mimi niliachia darasa la tatu, lakini hilo nililielewa haraka kuliko wazee wa hapa Olenguruone. Alikuja nyumbani na vichupa, akaomba mate ya ukoo mzima, kwa sababu baba yake mdogo, kitinda mimba wangu, husikia sauti tangu akiwa sekondari.

Nilitema. Kijana wangu akatema, akacheka. Ukabaki upande wa marehemu mzee wangu, na huko amebaki ndugu yake mmoja tu.

Shemeji alikuja na kofia yake ya kanisa. Tukamwambia chai ni baada ya kutema, maana chai inaharibu mate ya kupimwa. Uso ukamvimba.

"Nikae kwa boma ya ndugu yangu bila chai? Halafu muandike ukoo wetu una wazimu? Nani ataoa hapa?"

"Babu, jina lako halitaandikwa," mjukuu akamwambia. "Na hulazimishwi."

"Yeye hakulazimishi," nikasema. "Ni mimi."

Huyu ndiye alimfunga mtoto wangu kwa kamba ya ng'ombe, akatangazia watu kwamba wazimu niliuleta mimi kutoka kwetu. Mbona hakumtaja shangazi yake mwenyewe, aliyekuwa akilala nje ya soko la Keringet akigombana na mawe? Hiyo lawama nimeibeba mgongoni kama kuni mbichi.

"Shemeji, huyu msichana akienda chuo ulimtemea mate kichwani mbele ya watu, ukamwambia nenda usome. Ameenda, amesoma, amerudi. Leo mdomo umekauka?"

"Ile ilikuwa baraka."

"Na hii ni nini? Ama unaogopa chupa itasema ni ya kwenu?"

Aliangalia nje. Kijana wangu alikuwa amesimama katikati ya viazi, anabishana na mtu ambaye sisi hatumwoni. Shemeji alimtazama mpaka akavua kofia.

"Lete hiyo kitu," akasema.

Alitema mpaka kwenye alama ya kichupa. Mjukuu akafunga kifuniko, akamshukuru kwa mikono miwili. Mimi sikushukuru. Nilimmiminia chai, kikombe nikakijaza, maana ni mgeni. Ile kamba sijaisahau.