Nyasi za Wakwe

Kijiji kizima cha Igurwa kilijua Nyirabahire ana kinyongo, na haki ya Mungu alikuwa na sababu. Julai ya 1985 Melkiory, mfanyabiashara na balozi wa nyumba kumi, alidai banda la nguruwe la mjane huyo linanuka mpaka kwake. Akaja na vibarua, akalibomoa siku hiyo hiyo, ukungu umeshuka mpaka migombani. Watoto saba wa nguruwe, wa siku mbili tu, wakafa kwa baridi. Nyirabahire aliwazika mwenyewe, analia kwa hasira. "Utanilipa, Balozi," akasema.

Julai iliyofuata nguruwe wake alikuwa na mimba tena, na safari hii hakutaka mchezo. Alimhamishia jikoni. Kila asubuhi alimpikia uji wa pumba na maganda ya ndizi, akampa ungali vuguvugu. Akamtandikia nyasi laini, zile zile watu wanazotandaza sebuleni wageni wakija. Alizikata mapema, kabla moto wa kiangazi haujala nyasi za mlima wote. Matandiko ya zamani, yaliyolaliwa na nguruwe miezi miwili, aliyaanika nyuma ya nyumba.

Basi wakwe wakatuma habari kwa Melkiory: Jumamosi wanakuja kumposa binti yake, Adventina. Lo! Mtu mzito kama yeye apokee wakwe kwenye sakafu tupu? Akafika kwa Nyirabahire na vibarua wawili, leso puani, mafua yamembana.

"Mama Fidele, unaficha nyasi wenzako tunahangaika?"

Hakungoja jibu. Aliliona rundo nyuma ya nyumba, akaamuru, "Bebeni!"

Nyirabahire alitaka kumwambia, akaghairi. Vibarua walinusa, wakatazamana, wakainama kukusanya. Nao walikuwa na kinyongo chao na Balozi. Mama wa watu akaleta kamba za migomba, akawasaidia kufunga mizigo, na furaha aliyokuwa nayo haisemeki.

Jumamosi wakwe waliketi. Milango ikafungwa kwa sababu ya baridi, jiko la mkaa likaingizwa, rubisi, ile pombe ya ndizi, ikamiminwa. Joto lilipopanda, nyasi zikaanza kunuka. Mama mkwe akakunja pua.

"Balozi, kumbe mnafuga nguruwe humu ndani?"

"Sisi? Hata siku moja!"

Papo hapo mshenga akajipiga kofi shingoni, kaumwa na kiroboto. Wakaaga kabla ndizi hazijaiva.

Jumapili alfajiri Melkiory alisukuma mlango wa jiko la Nyirabahire kwa ghadhabu. "Mwanamke, umeniaibisha! Kwa nini hukuniambia?"

Nyirabahire alikuwa amechuchumaa kando ya nguruwe wake, aliyezaa usiku. Watoto tisa walikuwa wananyonya, wamezama kwenye nyasi safi.

"Hukuuliza, Balozi. Hata mwaka jana hukuuliza. Ungeuliza ningekuambia bandani mna watoto." Akageukia sufuria yake ya uji. "Haya, funga mlango. Baridi inaingia."