Yai Bichi la Bi Sikudhani

Juzi hapa Dodoma nilikaa kiti cha mbele kumsikiliza nyota wa maigizo ya nyimbo akituimbia peke yake, watu wachache tu, na mate yake yakanirukia mpaka mdomoni. Nikaikumbuka sebule ya shangazi kule Hombolo.

Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, alikuja Bi Sikudhani, malkia wa maigizo hayohayo, kuwaimbia wageni wa shangazi. Alinuka jasho na vitunguu saumu. Kabla ya kuimba alimeza yai bichi, likateleza kooni kama kamasi la ng'ombe. Niliamini sauti yake yote ilitoka humo.

“Shikamoo, mama. Nami nataka kuimba kwenye kundi lako.”

“Marahaba. Haya, meza na wewe. Usipokunja uso, nakuchukua.”

Nilimeza, uso mkavu. Leo najua yai halina kazi yoyote kooni, ila siku ile lilikuwa zito kama bwawa zima la Hombolo. Wimbo ulipofika pa huzuni, lilirudi lote, likamwagikia miguu yake, na shombo likajaa sebule.

Bi Sikudhani hakukata wimbo. Aliinua mguu, akaukung'uta, akaivuta sauti ileile hadi wageni wakatoa machozi. Nilifuta kinywa nikimtazama, na habari za kundi sikuzitaja tena.