Nilivyobebwa Kuvuka Mto Chini ya Rungwe

Siku ile tulikuwepo mimi, mume wangu Ambakisye, shangazi yake Tupokigwe na wanawake wawili waliokuwa wakichota maji, mwinjilisti mmoja mwenye mwavuli, na baba mkwe wangu, ambaye jina lake sitalitaja hata mkinikaba koo, maana mkwe hatajwi, na kwa aibu niliyomfanyia sithubutu kuongeza nyingine.

Mimi ni mtu wa Kalenga. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu, Yusta na Benedikti, na nilipoolewa Unyakyusa niliwaacha kwa jirani mpaka baba mkwe akubali waje kuishi nasi. Siku zilipita hajasema ndiyo wala hapana, nami nisingeweza kumwomba, kwa sababu kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Ukisikia anakuja, unaacha njia unaingia migombani. Kwa hiyo sura yake sikuijua. Nilijua kikohozi chake, na koti jeusi lililoanikwa uani Jumatatu.

Basi Ambakisye, ambaye aliwahi kuwabebea mizigo Wazungu wawili, mume na mke, waliopenda kupanda Rungwe, akasema na sisi twende, tulale juu Jumamosi, tushuke Jumapili.

"Tunafuata nini huko? Kuni?"

"Hatufuati kitu. Tunatembea tu."

(Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini viazi nikachemsha.)

Tulipofika ukingoni mwa msitu akakumbuka kiberiti kimebaki nyumbani. "Nisubiri hapa hapa," akasema, akarudi. Ningesubiri, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Ila baridi ilinishika, nikaona nitangulie polepole, na kwenye kona nikamwona mzee wa koti jeusi anakuja, anakohoa. Mkwe! Nikajitupa kichakani bila kuangalia, na kichaka kilikuwa cha upupu, na nyuma ya upupu palikuwa na korongo. Mzee akapita na mwavuli wake akiimba wimbo wa kanisani. Kumbe mwinjilisti.

Nikabaki korongoni, mguu umeteguka, najikuna kama mbwa mwenye viroboto, matope mpaka kwenye nyusi, ndipo akatokea mzee mwingine, amejifunga blanketi kuukuu, panga mkononi, anatoka kukata mianzi. Huyu sikumwogopa hata kidogo.

"Babu, nivute!"

Akanivuta.

"Babu, siwezi kukanyaga."

Akachuchumaa, akanipa mgongo, tukaelekea mtoni kurudi nyumbani, nami kwa kuonea haya uzito wangu nikawa naongea bila kituo: "Wewe babu una huruma, si kama baba mkwe wangu. Wadogo zangu yatima wako Kalenga wanangoja neno lake, na yeye kimya, kama jiwe la kusagia!"

Tulikuwa katikati ya maji. Akasimama.

"Mumeo ni nani?"

"Ambakisye."

Shingo ilimkakamaa, kisha akaanza kuruka mawe kama kijana, na mimi huku juu namsifu, "Kumbe babu una nguvu hivi!"

Ng'ambo alikuwa amesimama Ambakisye, aliyenikosa pale aliponiacha akapita njia ya mkato kunitafuta, pamoja na shangazi na wale wanawake wawili. Shangazi akaachia mtungi ukapasuka.

"Yesu wangu! Amempanda mkwe!"

Mzee akaniachia hapo hapo, nikakaa kwenye maji kitako. Nikajifunika kanga usoni, yeye akanipa kisogo, na mwanamke mmoja akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi nilikuwa nalia. Nilijua nimewanyima wadogo zangu nyumba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mzee akakohoa, akamwambia mwanawe, tena kwa Kiswahili ili nisikie:

"Mwambie mkeo jiwe la kusagia limesikia. Nenda Kalenga ukawalete hao watoto. Na mwambie apunguze viazi, ni mzito."

Rungwe hatukupanda. Mbuzi wa kuosha kosa Ambakisye alimtoa, na sasa Yusta na Benedikti wanakula kwa mzee kila jioni, wanamwita babu, wanamkalia magotini. Mimi nimeapa: nikiambiwa nisubiri, nitasubiri hata mvua inikute. Lakini ahsante yake bado nadaiwa. Kumtuma mtu amfikishie naona ni kama kumpelekea kiporo, na mwenyewe siruhusiwi kumsemesha. Akipita, nasimama migombani na ahsante yangu mdomoni, mpaka apotee.